Programu ya Kiyunani kwenye simu: nimeipima kwa neno moja, sophia

Mimi ni seremala. Kiyunani sikukisomea chuoni. Nilijifunza herufi zake kwa sababu naongoza darasa la Biblia la watu wazima, na watu wazima huuliza maswali. Anayetarajia tathmini ya profesa atanisamehe. Hii ni ya mtu anayefungua simu usiku akiwa na somo la kesho mkononi.

Ninachokitathmini ni programu ya bure ya kusomea Biblia, ile aina yenye namba za Strong. Unagusa neno, namba inatokea. Unagusa namba, unapewa neno la Kiyunani, maana yake, na orodha ya aya zote lilimotumika. Jina lake silitaji, kwa kuwa programu za aina hii ziko chungu nzima na matumbo yake ni yale yale: itifaki (orodha ya maneno yote ya Biblia na aya zake) ya James Strong, Mmarekani aliyefundisha chuo cha Drew, iliyochapishwa 1890, pamoja na kamusi ya Joseph Thayer ya 1886. Vitabu hivyo haki zake zimekwisha zamani, ndiyo maana tunavipata bure. Ukiisoma tathmini hii ukadhani naisema programu iliyo kwenye simu yako, huenda hujakosea sana.

Nimeipima kwa neno moja tu, sophia, hekima. Nimelichagua kwa makusudi. Ni neno linalopigwa danadana mimbarani kuliko mengi. Utasikia: "Kwa Kiyunani kuna hekima ya aina mbili, sophia ni ya kibinadamu na nyingine ndiyo ya Mungu." Kesho yake mwingine anageuza, sophia ndiyo ya Mungu na ile nyingine ya wanadamu. Wote wawili wanasema kwa sauti kubwa, na waumini wa wote wawili wanaandika kwenye daftari. Nikataka kuona kama mtu asiye na kamusi kubwa za bei mbaya anaweza kulimaliza shauri hili kwa simu yake.

Anaweza. Na hapo ndipo programu ilipopata nyota zake nyingi.

Nenda 1 Wakorintho 1:24, "Kristo, nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu." Gusa hekima: 4678, sophia. Sasa nenda Yakobo 3:15, panapotajwa hekima ambayo ni "ya dunia, ya tabia ya kibinadamu, na ya Shetani." Gusa: 4678. Teremka aya mbili, "hekima itokayo juu, kwanza ni safi, tena ni ya amani." Namba ni ile ile. Neno moja limetumika kwa Kristo, kwa Shetani, na kwa kile kishukacho kutoka juu. Yakobo anapotaka kutofautisha habadilishi neno, anaongeza sifa: ya chini anaipa sifa tatu mfululizo, na ya juu anaipa orodha ndefu zaidi, upole, rehema, kutokuwa na fitina, kutokuwa na unafiki. Tofauti yote iko kwenye yale maneno yanayolizunguka. Shauri la mimbarani limekwisha kwa kugusa skrini mara tatu, wala hukuhitaji bando, maana ukishapakua mafaili yake kila kitu kinafanya kazi nje ya mtandao.

Kisha kuna kitufe cha kutafuta kwa namba. Hiki ndicho kitu bora kuliko vyote humo ndani. Andika 4678 na unapata mara 51 katika Agano Jipya lote. Nilizipitia kwa penseli, zimetimia. Lakini jumla hiyo haina uzito kama mgawanyo wake. Mathayo mara 3, Marko 1, Luka 6, Matendo 4, Warumi 1. Halafu ghafla 1 Wakorintho mara 17. Baada yake kunashuka tena: 2 Wakorintho 1, Waefeso 3, Wakolosai 6, Yakobo 4, 2 Petro 1, Ufunuo 4. Yaani theluthi nzima ya neno hili imo ndani ya waraka mmoja, na katika hizo 17, kumi na tano zimo katika sura mbili za mwanzo. Mtu akikuambia anafundisha juu ya hekima katika Agano Jipya na hajafika Korintho, muulize anafundisha nini.

Huo mgawanyo haukuja kwa bahati. Ukizisoma zile aya mfululizo kama programu inavyozipanga, unaona Paulo halianzishi neno hili yeye, analijibu. Watu wa Korintho ndio waliokuwa nalo mdomoni. "Wala si kwa hekima ya maneno," anasema 1:17, na kwa Kiyunani ni sophia logou, yaani umahiri wa kusema, ile sanaa ya wazungumzaji waliokuwa wakisifiwa na kulipwa mijini. Wakorintho walikuwa wamegawanyika kwa majina, mimi wa Paulo, mimi wa Apolo, na inaonekana walikuwa wakiwapimia walimu kwa ulimi. Basi Paulo analichukua neno lao na kulikokota hadi msalabani. Kwanza analikanyaga: Mungu ameifanya hekima ya dunia kuwa upumbavu. Baadaye, katika 2:6, anasema walakini iko hekima tusemayo. Anayeishia sura ya kwanza atahubiri kwamba Paulo anachukia akili. Anayeruka hadi ya pili atahubiri kwamba Wakristo wana siri zao. Orodha ya programu inakulazimisha uzione zote mbili kwenye skrini moja, na kwa hilo peke yake ningeilipia.

Ila kuna mtego hapo, na programu haikuonyi. Namba 4678 ni ya nomino tu. Sophos, mwenye hekima, ni 4680, na utafutaji wako hautaiokota. Ndiyo maana 1 Wakorintho 1:26, "si wengi wenye hekima ya mwilini," haimo katika zile 17, ingawa mada ni ile ile na pumzi ni ile ile. Angalia 1:19, Paulo anapomnukuu Isaya: "Nitaiharibu hekima yao wenye hekima, na akili zao wenye akili nitazikataa." Kwa Kiyunani ni sophia ya hao sophoi, na sunesis ya hao sunetoi, kila nusu ya mstari ina nomino na sifa yake, zimepangwa jozi kwa jozi. Programu inakuonyesha aya hiyo mara moja kwa 4678, na mara moja nyingine ukiandika 4680, kana kwamba hazijuani. Ningependa kitufe kimoja cha kutafuta ukoo mzima wa neno. Hakipo.

Na katika ukoo huo yuko ndugu wa katikati ambaye watu wengi hawamjui, 4679, kitenzi sophizo. Agano Jipya linacho mara mbili tu. Ya kwanza ni 2 Timotheo 3:15, Maandiko yanayoweza "kukuhekimisha hata upate wokovu." Ya pili ni 2 Petro 1:16, "hadithi zilizotungwa kwa werevu." Kitenzi kimoja: mahali pamoja kinaleta wokovu, pengine kinatunga uongo mtamu. Niliwasomea darasa aya hizo mbili zikifuatana na mzee mmoja akacheka kwa sauti. "Basi hata huko walikuwa na wajanja," akasema.

Sasa tuje kwenye maana zenyewe, maana ndicho wengi wanachokipakulia. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukigusa 4678 Strong anakupa mstari mmoja, ambao kwa lugha yetu ni hekima, ya juu au ya chini, ya kidunia au ya kiroho. Basi. Hakuna zaidi. Ni kweli, lakini ni ukweli wa kumwambia mtu kwamba maji huwa ya moto au baridi. Thayer ni mpana zaidi, anakugawia vifungu: hekima ya wanadamu, hekima ya Mungu, elimu, akili ya kufasiri ndoto, na kadhalika, na kila kifungu kina aya zake. Shida ya Thayer ni umri. Kamusi yake ilitoka kabla ya ile mizigo ya mafunjo ya Misri kusomwa na kuchapishwa, yale makaratasi ya barua za watu wa kawaida, risiti na mikataba, yaliyowaonyesha wataalamu kwamba Kiyunani cha Agano Jipya kilikuwa lugha ya sokoni na nyumbani. Kwa hiyo mtumieni, lakini msimtaje kama mtu aliyemaliza mambo.

Kubwa zaidi ni tabia ambayo orodha hizi hutuzoeza. Mtu anaona maana tano, anachagua inayofaa mahubiri yake, kisha anasema "neno hili maana yake ni..." Mbaya zaidi anazibeba zote tano na kuzipakia kwenye aya moja. Matendo 7:22 inasema Musa alifunzwa hekima yote ya Wamisri. Hiyo ni elimu ya shule ya kifalme. Ukiingiza humo "hekima itokayo juu" ya Yakobo kwa sababu tu namba ni moja, umemfanya Farao kuwa mwalimu wa Jumapili. Matendo 6:3, wanaotafutwa ni watu saba waliojaa Roho na hekima, na kazi inayowangoja ni kugawa posho kwa wajane bila upendeleo. Hekima hapo ni uwezo wa kuendesha jambo nyeti bila kuleta ugomvi. Namba haiyajui haya. Aya ndiyo inayoyajua.

Lakini nimpe Strong haki yake, kwa sababu ndani mwake kuna kito ambacho kimefichwa vibaya. Chini ya 4680, sophos, anaandika maelezo machache halafu anasema linganisha na 5429. Wengi hawagusi. Gusa. Unafika kwa phronimos, mwenye busara, na huko, siyo kwenye sophos penyewe, ndiko Strong anakoeleza tofauti: phronimos hudokeza tabia ya tahadhari, sophos ni ustadi wa vitendo na wepesi wa akili, na sunetos, 4908, ni ufahamu, elimu iliyokusanywa. Mistari mitatu yenye thamani kuliko ukurasa mzima. Kwa nini ameiweka chumba cha nyuma sijui, ila iko huko.

Ukishaifahamu hiyo, Injili zinaanza kusomeka vingine. Aliyejenga nyumba juu ya mwamba, Mathayo 7:24, ni phronimos. Nyoka wa Mathayo 10:16 ni phronimos. Wanawali watano wenye mafuta, phronimoi. Na yule wakili dhalimu wa Luka 16, aliyepunguza madeni ya watu ili apate pa kukimbilia, alisifiwa kwa kutenda phronimos. Wote hawa ni watu waliotazama mbele wakajipanga. Hakuna hata mmoja aliyeitwa sophos, na wakili yule angekuwa wa mwisho kuitwa hivyo. Watafsiri wetu wa Biblia ya Muungano ya 1952 walilinusa hilo: nyoka wakampa busara, wanawali busara, wakili busara, na mjenzi wakamwita mwenye akili. Neno hekima wakaliacha likae kwake. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alikwisha kuzitenga sophia na phronesis (busara, nomino ya ukoo wa phronimos) kitambo, moja ya kujua mambo ya juu yasiyobadilika, nyingine ya kuamua la kufanya. Lakini msimkimbilie haraka kufasiria Paulo. Phronesis yenyewe iko mara mbili tu katika Agano Jipya, Luka 1:17 na Waefeso 1:8, na katika Waefeso imewekwa bega kwa bega na sophia bila dalili ya mashindano. Mimbara ya "hekima za aina mbili" haipati mguu wa kusimamia.

Ile "ustadi wa vitendo" ya Strong ndiyo iliyonigusa mimi zaidi, na hapa mtanivumilia nikizungumza kama fundi. Mahali pekee ambapo Homer, mshairi wa kale wa Kiyunani, analitumia neno hili katika mashairi yake, Iliad kitabu cha 15, halimhusu mwanafalsafa wala kuhani. Ni seremala anayenyoosha ubao wa jahazi kwa kamba, mtu ajuaye vema kila sophia ya kazi yake. Hapo ndipo tunapolikuta kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Kiyunani. Kwanza lilikuwa la mikono, baadaye likapanda vichwani.

Na Biblia inalijua jambo hilo. Kutoka 31:3, Bezaleli amejazwa roho ya Mungu, "katika hekima, na maarifa, na ujuzi," kwa ajili ya kuchonga mawe, kufua dhahabu na kukata mbao. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kiyunani, ile tafsiri iitwayo Septuaginta, waliandika hapo sophia. Paulo naye katika 1 Wakorintho 3:10, baada ya sura mbili za kuisulubisha hekima ya dunia, anajiita mkuu wa wajenzi mwenye hekima, sophos architekton, aliyeweka msingi. Halafu soma Marko 6:2-3 polepole. Watu wa kwao Yesu wanauliza, "Ni hekima gani hii aliyopewa huyu?" na aya inayofuata inaanza, "Huyu si yule seremala?" Hiyo ndiyo sophia pekee katika Marko nzima, na imekaa mlango wa pili na tekton, seremala, namba 5045. Walikuwa wanashangaa kwamba seremala anaweza kuwa na hekima, kwa lugha ambayo mtu wa kwanza kupewa neno hilo, kwa kadiri tunavyosoma, alikuwa seremala. Nilikaa na aya hiyo usiku mzima, patasi zangu ukutani zikiniangalia.

Sasa swali: je, programu ndiyo iliyonionyesha Bezaleli? Hapana. Na hii ndiyo kasoro yake kubwa. Andika 4678 na utafutaji unaanza Mathayo. Agano la Kale limepewa namba za Kiebrania, hekima ni 2451, chokmah, na kati ya namba hizo mbili hakuna daraja lolote. Septuaginta haimo. Anayetegemea programu peke yake atadhani Paulo na Yakobo walilipata neno sophia kwa Wagiriki wa Athene, wakalibatiza. Kumbe walilikuta tayari ndani ya Maandiko yao, limekwisha kukaa na Bezaleli, na Sulemani, na Mithali, kwa miaka mingi kabla yao.

Mithali 8 ndiyo hasara kubwa. Humo Hekima anasimama njia panda akiita watu, na anasema alikuwako kabla ya milima. Aya ya 30 kwetu inasema, "Ndipo nilipokuwa pamoja naye, kama stadi wa kazi." Neno la Kiebrania hapo ni gumu, wataalamu wamelivuta huku na huku kati ya fundi na mtoto mlelewa. Watafsiri wa Septuaginta waliandika harmozousa, mwenye kuunganisha, mwenye kulinganisha kitu na kitu vikae, na ni kitenzi ambacho Wagiriki walikitumia kwa kuunganisha mbao pia. Hekima akifunga viungo vya dunia. Ni hazina ya namna gani hiyo kumnyima mtu! Aya ya 22 nayo ilitikisa makanisa: Kiyunani chake kilisema Bwana aliniumba, na wafuasi wa Arius, kasisi wa Aleksandria, wakaishika kama silaha, wakisema kama Kristo ni hekima ya Mungu basi Kristo aliumbwa. Mtaguso wa Nikea wa 325 ulikabiliana na fundisho hilo, na askofu Athanasius, mpinzani wao, aliandika kurasa na kurasa juu ya kitenzi kile kimoja. Biblia yetu inasema "BWANA alikuwa nami," na msomaji anapita bila kujua alipopita.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna utafutaji kwa namba utakaokupa. Injili ya Yohana haina sophia hata mara moja. Sifuri. Programu itakuambia hivyo na itakuwa imesema kweli. Lakini fungua kitabu cha Hekima, kile ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanacho katika Biblia zao, sura ya 9 aya mbili za mwanzo: Mungu amefanya vitu vyote kwa neno lake, na kwa hekima yake akamwumba mwanadamu. Neno na hekima zimewekwa sambamba. Fungua Yoshua bin Sira 24, Hekima anaambiwa apige hema yake katika Yakobo. Kisha rudi Yohana 1, Neno aliyekuwako mwanzo, ambaye vyote vilifanyika kwa huyo, naye "akakaa kwetu," na kitenzi cha Kiyunani hapo ni cha kupiga hema. Anayoyasema Yohana juu ya Neno, waandishi wa vitabu hivyo walikuwa wakiyasema juu ya Hekima. Neno halipo, mambo yake yote yapo. Namba ni futi: inakupa urefu sahihi, lakini haikuambii ubao ni wa mti gani.

Kasoro ndogo nitazipitia mbio. Matangazo hutokea katikati ya aya, na moja liliwahi kufunika nusu ya Wakolosai 2:3, hazina zote za hekima na maarifa zikasitirika kweli kweli. Maelezo yote ya kamusi ni ya Kiingereza. Sauti ya matamshi inasoma sofía, mkazo kwenye i, vizuri tu. Herufi za Kiyunani zinasomeka hata kwenye simu ndogo. Betri, ya kawaida.

Iko moja ambayo si ndogo. Mathayo 11:19, ukifungua Kiswahili juu na Kiyunani chini, Kiswahili kinasema hekima "imejulikana kuwa ina haki kwa kazi zake," na Kiyunani cha chini kinasema watoto wake, teknon, 5043. Mtu wa darasani kwangu aliliona akanijia amefurahi: watafsiri wetu wamekosea! Hawakukosea. Hati mbili kongwe za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zina "kazi" katika Mathayo. Kiyunani kilichowekwa kwenye programu ni kile cha wachapishaji wa karne ya 16, kilichotumiwa na Biblia ya Kiingereza ya King James, chenye "watoto" kama ilivyo Luka 7:35. Kazi au watoto, zote mbili ni usomaji wa kale na zinahitaji tanbihi ya mstari mmoja. Programu haina tanbihi hiyo, wala haisemi popote Kiyunani chake ni cha toleo gani. Kwa chombo ambacho watu wanakitumia kusahihishia Biblia zao, hilo ni kosa la kukosesha nyota nzima.

Na sehemu ya asili ya maneno, tafadhali. Strong anasema sophos ni jamaa wa saphes, wazi, dhahiri. Wanaoshughulika na lugha leo wanasema asili ya neno hilo haijulikani. Lakini tayari nimesikia somo zima lililojengwa juu yake, eti hekima kwa Kiyunani ni "uwazi," na mwenye siri hana hekima. Paulo katika 1 Wakorintho 2:7 ananena hekima ya Mungu katika siri. Sijui mwalimu yule angemfanyaje.

Naipa nyota nne kati ya tano kwa kazi ya kutafuta na kuhesabu, mbili kwa maana za maneno. Inamfaa mwalimu wa darasa, mzee wa kanisa, mwanakwaya anayetunga, mtu yeyote mwenye subira ya kusoma aya zote 51 kabla ya kufungua mdomo. Haimfai anayetafuta kitu cha kusema dakika kumi kabla ya ibada. Huyo itampa maneno ya Kiyunani ya kutosha kupoteza watu wengi. Ukiweza kupata Septuaginta pembeni, kwa programu nyingine au kitabu, weka zote mbili wazi kwa pamoja. Nimewaandikia watengenezaji kuomba waiongeze, pamoja na tanbihi ya Mathayo. Hawajajibu bado.

Mkishaipakua, anzeni na 5429 kabla ya 4678. Kisha ingieni kwenye mipangilio mkazime ile sehemu ya asili ya maneno. Iko chini kabisa, baada ya ukubwa wa herufi.